Sauti za Mama Ndani ya Diski

Kila alasiri, Ruqaiya akitoka chuoni alikosoma Kurani, jambo la kwanza lilikuwa kubonyeza kitufe cha kompyuta mpakato iliyokaa juu ya kasha la nguo. Hakukaa kuisubiri. Alizoea kuosha vikombe na kufagia ua kwanza, na akirudi alikuta kile kiduara cha kungojea kingali kinazunguka kwenye kioo.

Kompyuta ile ilikuwa ya mama yake, Bi Aliya, mwalimu wa darasa la tatu, aliyefariki miaka miwili iliyopita. Bi Aliya alipenda kujirekodi akisoma hadithi, ili wanafunzi wake wazisikilize. Rekodi arubaini na moja zilibaki mle ndani. Ruqaiya aliipenda moja kuliko zote. Katikati ya hadithi, mama alisahau kuzima, akamwita aje, kwa Kiamu, "Ruqaiya! Ndoo, mwanangu, chakula kitapoa!"

Ruqaiya alikuwa akiirudia mara tatu, mara nne, macho ameyafumba. Kuna siku aliitika, "Labeka, Mama!" Kisha akairudisha mwanzo, akasikiliza tena.

Baba yake, Bwana Abdulghafur, alikuwa mpakiaji wa mizigo katika uwanja wa ndege wa Manda. Alimkataza jambo moja tu: kompyuta isipandishwe darini, juu ya paa la nyumba. Lakini siku moja joto lilizidi, na darini kulikuwa na upepo. Ruqaiya alipanda nayo. Wakati wa kushuka, ikiwa bado inawaka, mguu wake ulinasa kwenye waya wa chaji uliokuwa ukining'inia. Kompyuta ikamponyoka, ikaanguka kwenye ngazi.

Aliiokota haraka. Kioo kilikuwa kizima. Ila tangu siku ile, ndani yake kulisikika mlio mdogo, tik, tik, tik, na kiduara kilizunguka muda mrefu zaidi. Ruqaiya hakusema neno.

Baada ya wiki moja, baba alirudi na bahasha, uso umemchangamka.

"Nimeona kompyuta ya mama yako imechoka," alisema. "Nimeagiza diski mpya Mombasa, ndiyo hii. Kesho tutampelekea Bi Kulthum aibadilishe."

Ruqaiya aliitazama ile kompyuta. Alitaka kusema, lakini furaha ya baba ilimfunga mdomo.

Bi Kulthum alikuwa fundi wa kompyuta. Duka lake lilikuwa dogo, limejaa nyaya na bisibisi. Aliigeuza ile diski mpya mikononi.

"Hii ni diski mseto," alieleza. "Sehemu kubwa ni sahani inayozunguka, kama ile ya zamani. Lakini imetiwa pia kumbukumbu kama ile ya simu. Vitu mnavyovifungua kila siku hukaa humo, ndiyo maana kompyuta huwaka upesi. Nitanakili kila kitu kutoka diski ya zamani. Itachukua saa kadhaa. Je, imewahi kuanguka?"

"Hata siku moja," baba alijibu. "Binti yangu huitunza kama yai."

Ruqaiya alitazama sakafu. Baba aliaga, akaharakisha kwenda kazini Manda. Bi Kulthum aliiwasha kompyuta, akaanza kunakili. Tik, tik, tik. Kila mlio ulimchoma Ruqaiya. Alifika mlangoni, akasimama. Aliona kama anamwacha mama yake peke yake humo ndani.

"Bi Kulthum," alisema, machozi yakimtoka, "iliangushwa. Niliiangusha mimi, ikiwa inawaka."

Bi Kulthum aliizima papo hapo.

"Umefanya vyema kusema sasa," alisema kwa upole. "Sahani husomwa na kichwa chembamba mno. Diski ikianguka, kichwa hicho huweza kuikwaruza sahani. Nikiendelea kunakili yote, huenda ikafa katikati. Niambie, ni kitu gani kilichomo humu usichoweza kukipata mahali pengine?"

"Sauti ya mama."

Bi Kulthum alichukua bisibisi. Aliitoa diski ya zamani, akaiunganisha na kompyuta yake, akaacha picha na masomo, akazifuata rekodi peke yake. Ruqaiya alizihesabu kimoyomoyo. Kumi. Ishirini na tano. Thelathini na nane. Kisha mlio ukakatika, na diski haikusomeka tena.

"Ile ya kuniita?" Ruqaiya aliuliza kwa shida.

Walizisikiliza moja moja. Ilikuwa ya kumi na tisa. Ruqaiya alijifunika uso kwa mtandio, akalia. Bi Kulthum alimwacha alie, kisha akaifunga diski mpya ndani ya kompyuta na kuanza kuweka programu na zile rekodi.

Baba alipofika nyumbani, kompyuta ilikuwa juu ya kasha lile lile. Ruqaiya alibonyeza kitufe, ikawaka kabla baba hajavua viatu. Alitabasamu, lakini Ruqaiya alimshika mkono, akamsimulia yote: dari, waya, ngazi, zile siku za kunyamaza, na rekodi tatu zilizopotea.

Bwana Abdulghafur aliketi mbele ya kompyuta.

"Mimi sijazisikiliza hata moja tangu tumzike," alisema hatimaye. "Sikuthubutu. Sasa ziko tatu ambazo sitazisikia kamwe."

"Nisamehe, Baba. Nilikuogopa."

"Nimekusamehe. Ungeniambia siku ile ile, ningekasirika, ndiyo, lakini tungemwendea Bi Kulthum mapema, na labda tungezipata zote. Na usingesema leo, tungekosa zote. Ukikosea, mwanangu, sema mara moja, hata kama sauti inakutetemeka. Anayejua ukweli mapema ndiye awezaye kukusaidia."

Akatoa simu yake mfukoni, akampa.

"Zitie na humu, zisiwe mahali pamoja tu. Kisha kaa hapa karibu yangu, unichagulie ya kuanza nayo."