Muhuri Nyuma ya Bangili

Soko la sanaa pale Phoenix lilijaa hata pa kutia mguu hapakuwepo. Arvella, gauni la kijani, nywele mpaka kiunoni, alisukumwa na umati akajikuta amekalia meza ya mfua fedha.

"Dada, hiyo ni meza," alisema Delmar, fundi mwenyewe.

"Nilidhani ni benchi. Mbona haina wateja?"

"Watanunuaje nawe umekalia bidhaa?"

Wakacheka. Wote Wahopi, wenyeji asilia wa Marekani, wote wamekulia mjini, na kosa lao lilikuwa la watoto wa mjini: hawakuulizana ukoo. Kijijini swali hilo hutangulia chakula.

Miezi minne simu hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula moshi wa karakana."

"Njoo basi, mama kaleta piki, mkate mwembamba wa mahindi. Ukichelewa namaliza."

Mwezi wa tano Delmar akamletea bangili ya mabamba mawili ya fedha. Bamba la juu alilikata mawingu kwa msumeno mwembamba kama uzi, la chini akalitia weusi.

"Ivae, tuoane."

Arvella akaigeuza kwa furaha asome muhuri wa fundi. Jua lenye miale. Uso ukamshuka. Mafundi wengi hugonga alama ya ukoo wao, ambao hurithiwa kwa mama, na Arvella ni wa ukoo wa Jua; wa ukoo mmoja ni ndugu, hawaoani.

"Delmar, wewe ni kaka yangu!"

Akaondoka. Siku tisa hakupokea simu. Ya kumi akapokea.

"Usikate! Mimi ni wa ukoo wa Tumbaku, kama mama yangu. Hilo jua ni la jina langu la utotoni."

Arvella alicheka huku analia. Kisha akauliza ghafla:

"Jina ulipewa na nani?"

"Na dada zake baba, kama kila mtu, nao hulitoa kwenye ukoo wao..."

"Kwa hiyo baba yako ni wa Jua. Mimi, kama kila mwanamke wa Jua, ni shangazi yako."

"Siku hizi wapo wanaooana hivyo, Arvella."

"Mama hatakubali. Na nyumba ni ya mama. Nikimkosa yeye, sina kwetu."

"Sasa nifanyeje, mpenzi?"

"Usiniite hivyo. Oa mwingine. Siku hiyo shangazi zako tutakuja na ndoo za matope, tuwapake watu wa mama yako, tumtukane bibi harusi kwamba hajui hata kusaga, katuibia mchumba wetu. Ndiyo desturi. Watu watacheka mpaka mbavu ziwaume." Akavuta pumzi. "Mimi sitakuwa natania."