Pete ya Mpira na Chetezo cha Bi Sichana

Mwatum alikuwa anasukuma chapati alipomwona mumewe, Msabah, amechuchumaa ukumbini. Anakata mpira wa ndani wa baiskeli.

“Mkasi wangu wa kushonea huo!”

“Nnakata kipete kimoja tu.”

“Juzi kimoja, jana kimoja. Mwisho baiskeli utaikokota!”

Msabah hakucheka. Yeye alifanya kazi hapo hapo Kiembe Samaki, karibu na uwanja wa ndege. Kila siku, katika kibanda cha gesi, alijaza puto, likarushwa, wakubwa wakatazama upepo wa juu unavuma wapi. Gesi hiyo yaitwa haidrojeni. Hukaa katika mtungi wa chuma, imeshindiliwa kwa nguvu nyingi. Mtungi unapoungana na bomba hutiwa pete ya mpira ili gesi isivuje. Pete za kazini zilikuwa zimekwisha kabla ya wakati wake. Msabah aliona haya kumwambia mkuu wake, Fundi Mcha.

Bi Sichana, mamake Msabah, alikuwa anachambua mchele. Akasema, “Kibanda kile kinalia sss mchana kutwa. Kina mwenyewe. Leo Alhamisi, kitiwe ubani.”

“Gesi tu hiyo, mama.”

“Gesi, gesi! Na anayepiga mluzi ndani nani?”

Msabah akaondoka kwa haraka kwenda kazini. Kuna jambo moja hakuwahi kuwaambia watu wa nyumbani. Haidrojeni haina rangi wala harufu, na cheche moja yatosha kuiwasha.

Baada ya adhuhuri Bi Sichana akatia makaa katika chetezo, akampa Mwatum. “Nenda, mwanangu. Kizunguke mara tatu, kisha ingia, ufukize.”

Mwatum naye alikuwa na hofu juu ya mumewe. Akajitanda kanga, akaenda. Makaa yalikuwa mekundu. Alipokikaribia kibanda alisikia sauti: sss. Mlango ulikuwa umerudishwa. Mwatum akasoma Bismillahi, akapiga hatua. Zilibaki kumi. Zikabaki nane.

“Bi Mwatum! Simama hapo hapo!”

Alikuwa Fundi Mcha, upande wa pili wa uwanja, kofia mkononi.

“Ubani tu, fundi. Si uchawi.”

“Najua. Rudi nyuma. Polepole. Usiupulize moto!”

Upepo ukavuma. Cheche ikaruka, ikaanguka mchangani, ikazimika. Mwatum akaelewa kwamba ni moto unaoogopwa. Mumewe yumo ndani! Alirudi kinyumenyume mpaka nyuma ya ukuta wa mawe, akafukia makaa kwa mchanga, kwa mikono yake miwili.

“Msabah!” Fundi akaita. “Funga koki! Fungua mlango na madirisha, utoke!”

Ile sss ikakoma. Kisha mlango ukafunguka, Msabah akatoka, jasho linamchuruzika. Mwatum akalia papo hapo. Walingoja nje muda mrefu, upepo ukakipitia kibanda.

Kisha Fundi akaitoa ile pete bombani. Ilikuwa imevimba kama andazi, ina malengelenge na nyufa.

“Pete hii umeitoa wapi?”

Msabah akatazama chini. “Baiskelini. Zile zako zote zilipasuka, fundi. Niliona haya.”

“Haya hiyo ingekuzika, mwanangu.” Fundi akaketi. “Ukifungua chupa ya namliti kwa pupa, soda inafanyaje?”

“Inafoka,” alijibu Mwatum.

“Basi ndivyo. Gesi ikishindiliwa hupenya ndani ya mpira wenyewe. Ukimaliza kazi, waitoaje gesi iliyobaki bombani?”

“Naifungulia yote mara moja. Nawahi jamaa msikitini.”

“Na ile iliyomo ndani ya mpira hutaka kutoka mara moja. Haina njia. Inauvimbisha, inaupasua. Mpira wa baiskeli ni laini, hauiwezi. Pete za kazi hii zimetiwa masizi mengi, ndiyo maana nyeusi na ngumu. Lakini hata masizi hayatoshi ukiwa na pupa.”

Kesho yake Fundi alileta pete mpya. Msabah akajifunza kuitoa gesi kidogo kidogo, huku anahesabu mpaka mia mbili. Akaikagua pete kila wiki. Kwenye kiungo alipaka povu la sabuni aliyopewa na Mwatum. Likifura viputo, pana mvujo. Mlango na madirisha huwa wazi, na moto haukaribii.

Alhamisi iliyofuata Mwatum alisimama mbali, nyuma ya ukuta. Akatega sikio. Hakusikia mluzi. Puto likapanda juu, jeupe.

“Unaona?” akasema Bi Sichana, aliyesimama kando yake. “Moshi wa ubani ulifika.”

“Ulifika, mama,” akajibu Mwatum, akacheka.

Jioni Msabah aliletewa chupa ya namliti. Akaanza kukilegeza kizibo chake, taratibu, midomo inacheza.

“Unasoma nini?” akauliza mamake.

“Anahesabu,” akasema Mwatum. “Mwache, mama. Afike mia mbili.”