Kuni za Kuchomea Vyungu

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza juu ya milima ya Ikombe, Lusungu alikaa uani akilainisha vyungu vibichi kwa kokoto, huku bibi yake, Keziya, akifinyanga vingine.

Asubuhi hiyo Bibi alikuwa akikizunguka chungu kipya, ameinama, mkono mmoja ndani na mwingine nje. Ghafla udongo ukamponyoka. Akajishika tumbo na kukimbilia chooni.

Lusungu aliganda. Kipindupindu kilikuwa kimeingia kijijini na mvua za kwanza. Hellen, mfinyanzi mwenzake Bibi, alikuwa amezikwa juma lililopita bila matanga, waombolezaji wakisimama mbali kama wageni.

Bibi aliporudi, aliegemea ukuta akihema.

"Bibi, umekunywa maji gani?"

"Maji ni maji, mjukuu wangu."

"Mbona yangu unayachemsha?"

Lusungu akautazama mzigo wa kuni uliofunikwa mkeka, akaelewa.

Pale kwao chungu hulipwa kwa kujazwa mpunga. Lakini soko lilikuwa limefungwa kwa sababu ya ugonjwa, na wanunuzi wa Bujonde, kwenye mashamba ya mpunga, hawakuja tena. Bibi hakuwa na mpunga wa kuwapa wachanja kuni wa mlimani. Mzigo ule wa mwisho aliuweka wa kuchomea vyungu, ili soko likifunguliwa asikutwe mikono mitupu. Akachomoa vijiti vichache tu vya kumchemshia mjukuu. Yeye alikunywa maji ya ziwa bila kuyachemsha.

Lusungu alikimbia kumwita Naomi, mhudumu wa afya wa kijiji. Naomi alikuja na pakiti za chumvichumvi, dawa ya kurudisha maji mwilini.

"Mama, juzi nilikuuliza kama mna shida. Ukasema tupo salama."

"Chungu kibichi hakimlishi mtu, Naomi," Bibi alisema kwa sauti ndogo, akijaribu kutabasamu.

"Na mfinyanzi akifa, atamlisha nani?"

Bibi akainamisha kichwa. Bila kuomba ruhusa, Lusungu alifungua kamba ya ule mzigo, akawasha moto na kuteleka maji. Bibi alitazama kuni zake zikiwaka, machozi yakimtiririka. Kisha mtumbwi ukaja kumpeleka kwenye kambi ya matibabu, na Lusungu akabaki ufukweni akiutazama hadi ukatoweka.

Baada ya siku kadhaa Bibi alirudi amekonda, kitenge kikimpwaya. Vyungu vyote vibichi vilikuwa vimelowa mvua na kupasuka. Aliokota kipande kimoja, akakigeuzageuza, akakirudisha chini taratibu.

Naomi alipopita tena, alikaa karibu naye.

"Ugonile, Mama," akamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Ndaga, mwanangu," Bibi akaitikia.

"Husemwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Mficha njaa ni vivyo hivyo. Kijiji kimetenga kuni na unga kwa ajili ya wazee, lakini nani atampelekea anayesema yuko salama? Kuomba msaada wakati wa ugonjwa si aibu, Mama. Ni kinga, kama kuchemsha maji. Basi nauliza tena. Mna shida?"

"Tupo sa..." Bibi alianza, kama alivyozoea. Akamtazama Lusungu, aliyeshika kokoto isiyo na chungu cha kulainisha.

"Hatuna kuni," akasema. "Mpunga umekwisha. Nilikuwa naona haya. Nisaidieni, Naomi. Naogopa kufa nikamwacha mtoto huyu peke yake."