Kitenge Alichopelekewa Chatu

Jua lilikuwa linazama Jeska aliposhuka kwenye bodaboda pale Bukima, mtoto mgongoni, gunia jipya mkononi. Gunia lilikuwa la kumbebea chatu. Alitembea kwa madaha, ungedhani anakwenda kupokea mahari.

Jeska alikuwa mcheza ngoma ya nyoka. Nyoka wake alikuwa mdogo, wa mchangani, mnene kama kidole gumba, mkia butu. Alimwita Bwana Mdogo. Hakuwa na makuu: mpe panya mmoja, atalala kwenye mchanga wake wiki nzima. Lakini siku ya mnada Bunda watu walimcheka. "Huo mnyoo tunaulimaga shambani kila siku!" mmoja alipaza sauti, na kicheko kile kilimkaa Jeska kooni. Tangu hapo alitaka chatu. Na chatu aliyemtaka alikuwa wa mama mkwe wake, Ursula, aliyeishi huko Bukima.

Sasa, Ursula hakumpenda Jeska, wala hakujisumbua kuficha. Mwanawe Renatus, mume wa Jeska, alipanda kivuko cha Kisorya kwenda Ukerewe kabla mtoto hajazaliwa, akapotelea hukohuko. Bibi alikuwa ameshaamua nani wa kulaumiwa. Kwa hiyo Jeska alishangaa alipokubaliwa upesi, kwa masharti mawili tu.

La kwanza, kunawa kwa majivu. "Ukitoka kushika kuku, usimsogelee," Ursula alimwambia. "Ukinuka kitoweo, kwake wewe ni kitoweo."

La pili, alete nguo aliyoilalia siku nyingi bila kuifua. Chatu angelazwa nayo mpaka aizoee. Mwenye harufu ile ndiye angekuwa mwenye nyoka, na wengine wote wangekuwa wageni.

Jeska, mtu wa haraka, alikuwa amefua kila kitu kwa ajili ya misa ya Jumapili. Kilichobaki hakijafuliwa ni kitenge cha kumbebea Rhobi, binti yake ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Akaona nguo ni nguo. Akakipeleka.

Ursula alikinusa. Akanusa tena...

"Umekilalia wewe hiki?"

"Ndiyo, mama."

"Una uhakika?"

"Nakilaliaga kila siku, mama."

Ursula akatabasamu. Jeska hakuwahi kuliona tabasamu lile, na kwa ujinga wake akafurahi.

Jioni hii ndiyo alikuwa amerudi kumchukua chatu. Uani kulikuwa kimya. Hakuna kuku, hakuna mbwa. Ndani kulinuka udongo mbichi na maziwa yaliyochacha. Ursula alikuwa amekaa sakafuni kando ya kibatari, na nyuma yake kulikuwa na kapu kubwa lenye kifuniko.

"Uko tayari?"

"Niko tayari, mama."

"Huyu siyo kama huyo mnyoo wako. Anachaguaga mwenyewe. Mimi siamuagi."

Kifuniko kikasogea.

Hakuna aliyekigusa.

Chatu alishuka taratibu, mnene kama paja la mtu, magamba yakikwaruza sakafu... krrr... krrr... Jeska alinyoosha mkono kama alivyofundishwa. Nyoka aliupita mkono ule kama anavyopita mguu wa stuli. Akazunguka nyuma. Jeska alihisi uzito unapanda mgongoni, baridi, unasukuma, unapanda tena. Alingoja Rhobi apige yowe. Huyu mtoto alikuwa akilia hata akimwona padri.

Rhobi alicheka.

Jeska akageuza shingo, akapeleka mkono kumvuta mwanawe. Kichwa cha chatu kikatokea begani, kikamwelekea yeye. Mdomo ukafunguka.

"Usisogee," Ursula alinong'ona. "Hakujui."

"Mama, mtoe! Nakuomba!"

"Nilikuuliza. Ukasema una uhakika."

"Nilidanganya, mama. Kitenge ni cha mtoto."

"Najua. Baba yake nimemzaa mimi. Damu yangu nishindwe kuinusa?"

Hapo ndipo Jeska alipoelewa kwamba anachukiwa kweli, na kwamba chuki ile ilikuwa imemngoja siku nyingi. Alilia kwa sauti. Chatu alikaa pale mpaka alipotosheka, kisha akashuka, akarudi kapuni mwenyewe.

"Nendeni," Ursula alisema. "Hilo gunia liache. Anajua njia."

Walipofika nyumbani Bunda, Rhobi alikataa uji. Kesho yake akakataa tena, na siku zilizofuata, lakini hakukonda. Alikuwa akijiviringisha chini ya kitanda, gizani, macho wazi. Kisanduku cha Bwana Mdogo kilikutwa kitupu, kimefungwa vilevile kama kilivyoachwa. Na asubuhi moja, kwenye vumbi la uani, palikuwa na mburuzo mpana, umenyooka kuingia mlangoni.

Wa kutoka haukuwepo.

Jirani yake, Onesmo, alikuja na panga, wakapekua nyumba nzima, hata darini. Hawakuona kitu. Padri alinyunyizia maji ya baraka kila chumba. Watu wakasema Jeska amechanganyikiwa, mume kakimbia, mtoto mgonjwa, nani asingechanganyikiwa? Naye akaanza kuwaamini, maana kuwaamini kulimpa usingizi.

Jumamosi jioni alichinja kuku. Alijua mtoto hawezi kukataa mchuzi wa kuku. Alimnyonyoa kuku jikoni, akampasua, damu na mafuta yakamfika viwikoni. Umeme ulikuwa umekatika. Akakumbuka onyo la Ursula kuhusu kushika kuku, na kwamba kopo la majivu lilikuwa chumbani, akaingia kulichukua ili anawe.

Harufu ya maziwa yaliyochacha ikampokea mlangoni.

"Rhobi?"

Akapiga hatua mbili gizani.

Kitu kilikwaruza juu ya dari. Krrr. Kikakwaruza ukutani, kikishuka, kati yake na mlango. Jeska akapapasa kopo, akalipata, akaanza kumwaga majivu kiganjani, mengi yakimwagika chini.

Kutoka chini ya kitanda ikaja sauti ya mwanawe, ambaye hajawahi kutamka neno hata moja. Ilikuwa sauti nyoofu, isiyo na haraka, ya mtu anayemwelekeza mgeni.

"Usinawe, mama."