Flashi Isiyo Yake

Kila siku baada ya masomo Chapu alipita njia ileile: geti la shule, kwa kinyozi, duka la viatu, halafu studio ya picha ya mjomba wake. Jina la Chapu alipewa nyumbani kwa sababu kila kitu alikifanya chapuchapu. Alivaa viatu huku anatembea, alijibu swali kabla halijaisha, na chai aliinywa ingali inamchoma ulimi.

"Huyu alitaka kuzaliwa kabla ya siku zake," mama yake alipenda kusema. "Nilimkatalia tu."

Jumatano hiyo alisukuma mlango wa studio akiwa na rafiki yake, msichana wa darasa lake ambaye wenzake walimwita Tarumbeta. Hakuwahi kunong'ona tangu wamfahamu.

"Shikamoo, Mjomba!"

"Marahaba. Funga mlango, vumbi linaniharibia lenzi. Haya, leo umekuja kujaribu upi tena?"

Mjomba aliuliza hivyo kwa sababu wiki nzima Chapu alikuwa na kazi moja. Mama yake, mpimaji wa maabara katika zahanati, alikuwa na kompyuta mpakato kuukuu aliyopewa kazini walipoletewa mpya. Ukiiwasha, ungeweza kufua sare yako na kuianika kabla haijafunguka. Mama alikuwa ameshasema: mwisho wa wiki inakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

"Nataka kitu kinachofanya kazi," alisema. "Pambo ninalo tayari, saa ya ukutani iliyosimama."

Chapu alimwomba ampe nafasi. Katika klabu ya kompyuta shuleni, mwalimu wao alikuwa amewafundisha kwamba kuna mifumo midogo ya kuendeshea kompyuta, aina ya Linux, inayotosha ndani ya flashi. Unachomeka flashi, unawasha kompyuta kupitia hiyo flashi, unajaribu. Usipoupenda mfumo, unazima na kuchomoa, na kompyuta inabaki kama ilivyokuwa.

"Ni kama kujaribu viatu dukani," mwalimu aliwaambia. "Unatembea kidogo, vikikubana unavua. Hakuna aliyekulazimisha kuvinunua."

Chapu alikuwa amejaribu miwili. Wa kwanza ulikuwa na picha za kupendeza, ila kwenye kompyuta ya mama ulitambaa kama konokono mwenye mafua. Wa pili ulikimbia vizuri lakini haukutoa sauti hata kidogo, akaupa jina la Bubu. Leo alitaka kujaribu wa tatu, mdogo kuliko yote. Kompyuta ya mama alikuwa nayo ndani ya mkoba wa shule. "Ibebe tu," mama alimruhusu asubuhi. "Ikianguka itakuwa imetupunguzia safari."

Kupakua mfumo na kuuandika kwenye flashi alikufanya kwenye kompyuta ya studio, kwa kuwa ilikuwa na mtandao. Mjomba hakumkatalia, ila alimwekea sharti.

"Kabla hujaandika chochote, chomoa flashi yangu. Ndani yake mna picha za darasa la mwisho la shule yenu, za usajili wa mtihani. Kompyuta yangu imejaa, na kadi ya kamera nimeshaifuta nikapigia harusi. Hakuna nakala nyingine. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mjomba!" Chapu alijibu, macho tayari yapo kwenye skrini.

Mjomba akaenda mbele kumhudumia mteja. Tarumbeta alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

"Wewe, mazoezi ya netiboli yanaanza! Ukichelewa watampa nafasi yako yule mrefu!"

"Namaliza. Dakika moja."

Chapu alichomeka flashi yake. Ya Mjomba aliiacha ilipo, maana kuichomoa kungekula muda. Zote mbili zilikuwa nyeusi, za duka moja, za ukubwa mmoja. Programu ilimwuliza aandike kwenye ipi. Akachagua ya juu. Ikafunguka ilani ndefu yenye maandishi mekundu. Chapu akabofya "Ndiyo" bila kusoma, kama mtu anayefukuza nzi. Mstari wa kijani ukatembea mpaka mwisho.

Akachomoa flashi yake, akaichomeka kwenye kompyuta ya mama, akaiwasha. Skrini ikafunguka, na aliyetokea alikuwa Bubu.

"Mbona huyuhuyu?" alisema. Kama mfumo mpya haukuingia kwenye flashi yake, uliingia wapi?

Alirudi kwenye kompyuta ya studio, akafungua flashi ya Mjomba. Folda za picha hazikuwepo. Zilikuwepo faili chache za Linux, basi.

Tarumbeta alisogea akachungulia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alinong'ona.

"Kaa kimya. Flashi si huwa zinakufa zenyewe? Jaza nyimbo humo isionekane tupu, kesho useme iliingia virusi. Atajuaje?"

Chapu alimsikiliza. Alifungua folda ya nyimbo za studio, akazinakili zote, akapeleka kipanya juu ya neno "Bandika". Kidole kilikuwa kinasubiri amri tu.

Kule mbele Mjomba alikuwa anaongea kwa simu. "Usiwe na wasiwasi, mkuu," alisema huku anacheka. "Picha za wanafunzi wako ninazo hapa. Ijumaa asubuhi ziko mezani kwako. Mimi nikisema nimesema!"

Chapu aliondoa mkono kwenye kipanya. Mjomba alikuwa ametoa ahadi kwa mkuu wa shule, na picha za ahadi hiyo hazipo. Akinyamaza, Mjomba angekuja kugundua Ijumaa, na mbele ya mkuu angeonekana mwongo ilhali hakumdanganya mtu. Mtihani nao haungemsubiri mtu asiyesajiliwa. Simu ilipokwisha, akamfuata kule mbele.

"Mjomba, nimefuta picha zako."

"Ati nini?"

"Nimefuta. Picha. Zako." Safari hii alisema neno mojamoja. "Sikuchomoa flashi yako. Nimeandika Linux juu yake."

Mjomba alikaa kwenye stuli ya wateja, nyuma yake kitambaa cheupe cha kupigia picha. Ungedhani anasubiri kupigwa picha ya msiba.

"Zote?"

"Zote."

"Na kadi ya kamera nimeshaifuta."

"Najua."

"Unajua!" Sauti ilimpanda, akaishusha kwa nguvu. "Mpigie mwalimu wako wa kompyuta. Mimi nikikusemesha sasa hivi, nitatoa maneno ambayo mama yako ataniuliza nimejifunzia wapi."

Mwalimu alikuja na mkoba wake bado begani. Hakugombeza. Aliuliza swali moja kwanza.

"Baada ya kosa, mmeweka kitu kingine chochote kwenye flashi hii?"

Tarumbeta alitazama sakafu.

"Nilikaribia kujaza nyimbo," Chapu alisema. "Ila sikubandika."

Mwalimu alishusha pumzi. "Afadhali. Sikilizeni. Fikirieni darasa ambalo rejista yake imechanika. Majina hayapo, lakini wanafunzi bado wamekaa kwenye madawati yao. Mfumo ulioandika ni mdogo, umekalia madawati ya mbele tu. Picha zilizokuwa pale mbele zimekwenda, hazirudi. Za nyuma bado zipo, tunaweza kuzitafuta. Ungemwaga nyimbo humo, zingekalia madawati yote, na mimi ningekuja hapa kutoa pole tu."

Hapo mlango ulifunguka, akaingia mama yake Chapu akitoka kazini. Alitazama nyuso zote.

"Nani kafa?"

Mjomba akamweleza. Alipomaliza, mama alimgeukia binti yake.

"Umesema mwenyewe au umekamatwa?"

"Nimesema mwenyewe, mama."

"Haya," mama alisema, akavuta kiti.

Ilibaki shida moja: picha zikipatikana zitawekwa wapi? Haziwezi kurudishwa kwenye flashi ileile, na kompyuta ya studio ilikuwa imejaa pomoni. Mwalimu aliiangalia ile kompyuta kuukuu juu ya meza, Bubu akiwa bado amefunguka.

"Hii ina nafasi?"

"Tele," alijibu Chapu. "Ni ya mama."

"Ilikuwa inakwenda kwa vyuma chakavu," mama alisema. "Itumieni. Ifanye kazi angalau mara moja kabla haijazikwa."

"Lakini mwalimu, huyu Bubu hana sauti," Chapu alisema.

"Kwani tunataka atuimbie? Tunataka atafute."

Mwalimu alitumia mtandao wa studio kumwongezea Bubu programu ya kuokoa faili, akachomeka flashi ya Mjomba, akaiacha programu ipekue. Wote walikodolea macho skrini. Mwanzoni hakikutokea kitu. Mjomba alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Kisha ikatokea picha ya mvulana mwenye masikio makubwa, ikafuata ya msichana aliyefumba macho nusu, halafu zikaanza kumiminika.

"Hao! Hao wanakuja!" Mjomba alipiga makofi. "Sijawahi kufurahia masikio ya mtu namna hii!"

Picha nyingi zilirudi, lakini bila majina. Mjomba alikuwa ameiandikia kila picha jina la mwanafunzi, kama shule ilivyotaka. Sasa kila moja ilikuwa na namba tu.

"Majina nitayarudisha mimi," Chapu alisema. "Nawafahamu wote."

"Vizuri," mama alisema. "Kesho baada ya masomo. Netiboli itakusubiri."

"Nami nitamsaidia," Tarumbeta alisema, na hakuna aliyemwomba.

Alhamisi wasichana hao wawili walikaa studio wakitazama sura moja baada ya nyingine. Waligundua haraka kwamba kuwafahamu watu ni jambo moja, na kuyajua majina yao ni jambo lingine.

"Huyu ni Kisigino," Tarumbeta alisema.

"Jina lake la shule?"

"Kwani ana jingine?"

"Mtihani hausajili visigino, nyie," Mjomba aliwaambia kutoka mbele. "Nendeni mkamwulize mwenyewe."

Wakatoka, wakauliza, wakarudi, wakaandika. Kila jina Chapu alilisoma herufi kwa herufi kabla ya kulihifadhi. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alikuwa ameshaona mbofyo mmoja unaweza kufanya nini.

Waliokosekana ni wale waliopigwa picha mwanzo kabisa, nao walikuwa viranja, kwa sababu viranja hawakubali kupanga foleni nyuma ya mtu. Mjomba alikataa kwenda kuwaambia. "Kosa lako, mguu wako," alisema. Kwa hiyo Chapu alimfuata kiranja mkuu uwanjani, mbele ya wenzake, akamweleza yote.

"Unasema picha yangu imepotea?" Kiranja mkuu alijishika kichwa. "Siku ile nilikuwa nimetoka kunyoa! Tazama sasa, nywele zimeniota kama jogoo!"

Wenzake walicheka mpaka yeye mwenyewe akacheka. "Haya, saa ngapi?"

"Kesho asubuhi kabla ya kengele. Samahani sana, kaka."

Ijumaa asubuhi Mjomba alitundika kitambaa cheupe kwenye ukuta wa maktaba, akawapiga viranja picha upya. Kiranja mkuu alikuwa amepitia kwa kinyozi. Kabla ya mapumziko picha zote, zikiwa na majina kamili, zilikuwa mezani kwa mkuu wa shule. Mjomba alimweleza ukweli wote, na mkuu akasema alichotaka ni picha, nazo amezipata.

Jumamosi mnunuzi wa vyuma chakavu alipita akigonga kengele yake, mama akamwambia hana kitu cha kuuza. Alikuwa amekaa kwenye meza ya jikoni, kompyuta kuukuu mbele yake. Ule mfumo wa tatu ulikuwa ndani ya flashi ya Chapu, safari hii flashi sahihi, na kompyuta ilikuwa imefunguka kabla maji ya chai hayajachemka. Mama alikuwa anachapa ripoti yake ya zahanati.

"Unajua kwa nini sikukunyang'anya hii kompyuta?" aliuliza bila kuinua macho.

"Kwa sababu nilisema ukweli."

"Kwa sababu ulisema mapema." Mama aliacha kuchapa. "Kule maabara, chupa ya damu ikimdondoka mtu akasema palepale, tunamwita mgonjwa, tunamwomba radhi, tunachukua damu nyingine. Yameisha. Anayeficha, akajaza chupa nyingine ili zifanane, huyo anampa mgonjwa majibu ya mtu mwingine. Kudondosha kunaweza kumpata yeyote. Kuficha ni kazi, mtu huikalia kitako akaifanya. Nawe ulishakalia, kidole juu ya kitufe, ukanyanyuka. Hilo nimeliona."

Chapu akatabasamu.

"Usianze kuvimba kichwa," mama aliendelea. "Uliambiwa uchomoe, hukuchomoa. Kompyuta ikakuuliza, ukaijibu bila kuisoma. Kusema kwako kumekuokoa na kosa la pili. La kwanza bado ni lako, na dawa yake ni moja: unapoambiwa, sikiliza, unapoulizwa, soma. Umeelewa?"

Chapu alifungua mdomo ajibu upesi, kisha akaufunga. Alifikiri kwanza.

"Nimeelewa, mama."

"Haya. Sogea hapa unionyeshe namna ya kukuza haya maandishi, macho yangu si ya shule tena. Na uende polepole, nifuate."

Chapu akavuta kiti, akakaa kando ya mama yake, akamwonyesha polepole.