Nguo Nane za Bi. Subira

Kila siku ya shule, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kasyoka alikuwa kivukoni Likoni, mkoba mgongoni na kipande cha mhogo mkononi, akingoja kuvuka kwenda shuleni kwake Ganjoni. Wenzake walipanda feri yoyote iliyotangulia kufika. Yeye aliziacha zipite mpaka aione MV Subira ikija polepole, ikikohoa moshi.

Abiria waliiita Bi. Subira. Wahenga husema subira huvuta heri, lakini huyu wetu alivuta moshi zaidi kuliko heri. Mwenye haraka angeweza kumaliza mhogo wake, akajipangusa mikono na kufunga upya kamba za viatu kabla ya kufika ng'ambo. Hata hivyo alikuwa amevusha watu, mikokoteni na malori kwa zaidi ya miaka thelathini. Sasa alikuwa amechoka. Jumamosi ya wiki ile angevuka kwa mara ya mwisho, kisha feri changa ishike zamu yake.

Wanafunzi wa Gredi ya Sita, darasa la Kasyoka, walikuwa wamealikwa kuimba katika safari hiyo ya mwisho. Wangejipanga kwenye roshani ya juu, kando ya ukingo wa vyuma, ili waonekane kutoka pande zote mbili.

"Kila mmoja aniletee swali moja kuhusu feri hii," Mwalimu Tasleem aliwaambia. "Jibu mlitafute wenyewe. Atakayeniletea swali zuri zaidi atalisoma Jumamosi mbele ya abiria wote, pamoja na jibu lake."

Kasyoka alizaliwa mdadisi. Mama yake hupenda kusema kwamba mtoto huyu aliuliza "kwa nini?" kabla ya kuota meno. Yeye alitaka kujua Bi. Subira alikuwa amebadilisha nguo mara ngapi, yaani amepakwa rangi ngapi tangu aanze kazi. Mama alimwambia feri ilikuwa ya kijani. Muuza njugu wa kivukoni aliapa kwamba ilikuwa rangi ya damu ya mzee. Mwalimu Tasleem mwenyewe alikumbuka njano. Na sasa ilikuwa nyeupe pe, imepakwa wiki ile ile kwa ajili ya kuagwa, kikongwe amepambwa kama bibi harusi.

"Swali zuri," Mwalimu Tasleem alisema. "Ukilipatia jibu la hakika, msomaji wetu ni wewe."

Lakini hakika angeitoa wapi, ikiwa kila mtu alikuwa na rangi yake?

Siku ya Jumatano alasiri, akirudi nyumbani, Kasyoka alipanda ngazi hadi kwenye roshani. Hapakuwa na mtu. Chini alimsikia Gunga, baharia aliyekuwa na brashi mfukoni na maneno mengi mdomoni, akitangaza kama alivyotangaza tangu Jumatatu: "Rangi mpya hiyo! Nitakayemshika akiikwaruza, Jumamosi hapandi! Nahodha ashakubali!"

Kwenye nguzo ya tatu ya ukingo, karibu na sakafu, Kasyoka aliona lengelenge. Rangi ilikuwa imetuna, ukubwa wa shilingi ishirini. Akaangaza kulia, akaangaza kushoto. Akatoa rula mkobani, akaipenyeza chini ya lile lengelenge na kuisukuma kidogo. Kipande cha rangi kikabanduka pap! kikamwangukia kiganjani.

Loo! Pembeni mwa kipande kile mlikuwa na mistari ya rangi, mmoja juu ya mwingine. Nguo zote za Bi. Subira zilikuwa pale, hakuna iliyovuliwa. Kasyoka nusura apige kelele kwa furaha.

Ndipo alipotazama pale alipobandua. Alitarajia kuona chuma. Aliona unga wa kahawia. Akaugusa kwa ncha ya rula, na rula ikazama ndani ya nguzo hadi namba nne.

Akaichomoa kwa hofu. Nyayo za Gunga zilikuwa zinapanda ngazi. Bila kufikiri, Kasyoka alitoa chingamu iliyokuwa mdomoni mwake, akaibandika kwenye lile tundu, akateremka kwa ngazi ya upande wa pili.

Kesho yake baada ya masomo, rafiki yake Hussaina alimpeleka Mji wa Kale, katika kichochoro kimoja nyuma ya Ndia Kuu. Babu yake Hussaina, Mzee Abdeali, alikuwa fundi wa saa. Duka lake lilikuwa dogo hata mteja wa pili ilimbidi angoje nje.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wanangu. Hamjambo? Nyumbani hawajambo? Na masomo yaendaje?"

Mzee Abdeali hakuwa mtu wa kuruka salamu. Walipokwisha kuzijibu zote, Kasyoka alifungua leso na kumwonyesha kipande cha rangi. Mzee akabana kioo chake cha kukuzia jichoni.

"Ajabu hii! Umeipata wapi?"

"Niliiokota, babu. Kwenye feri, chini."

Uongo ulimtoka upesi na kwa ulaini, hata mwenyewe akashangaa.

Mzee alianza kuhesabu kwa ncha ya kibanio, Hussaina akiandika. "Nyeupe. Njano. Kijani. Nyeupe tena. Damu ya mzee. Buluu. Kijivu. Na hii nyekundu ya chini kabisa ndiyo shimizi yake. Nane!"

"Kumbe hakuna aliyekosea!" Kasyoka alisema. "Mama alisema kweli, na muuza njugu alisema kweli, na mwalimu pia."

"Kila mtu ameshika nguo ya wakati wake," mzee alicheka.

"Lakini buluu hakuna aliyeniambia."

"Basi kuna mtu hujamuuliza."

Akakigeuza kile kipande. Mara kicheko kikamkauka. Alisugua upande wa nyuma kwa kidole, akatazama unga uliobaki kidoleni.

"Kutu huanza kwa magamba," alisema taratibu. "Ikifika kuwa unga laini namna hii, imekula chuma ikashiba. Pale ilipotoka hii, mwanangu, hapana chuma tena. Pana rangi tu iliyosimama. Ilikuwa upande gani wa feri?"

Kasyoka akakunja leso yake. "Sijui, babu. Niliiokota."

"Basi tena. Lau tungelijua ni wapi, wangelipatazama kabla ya Jumamosi."

"Na Jumamosi sisi tutaimba kule juu!" Hussaina alisema kwa furaha. "Mimi nimepangiwa nguzo ya tatu, babu, utaniona hata ukiwa chini!"

Mzee aliomba aachiwe kile kipande akitilie kioo kisivunjike. Angekileta mwenyewe Jumamosi. Kasyoka aliitikia kwa kichwa.

Jioni ile ugali wa Kasyoka ulipoa sahanini. "Waumwa?" mama yake aliuliza. "Nimeshiba," alijibu, ilhali hakuwa ameonja hata tonge. Alijaribu kujiliwaza. Huenda nguzo haijaoza sana. Huenda Gunga ataona mwenyewe. Lakini rula ilizama hadi namba nne, na rula haisemi uongo. Akisema, hatapanda Jumamosi wala hatasoma swali lake. Asiposema, Hussaina ataegemea nguzo ile, na chini yake kuna maji marefu.

Ijumaa asubuhi hakugusa mhogo wake. Alipanda Bi. Subira, akamtafuta Gunga na kumkuta akikunja kamba.

"Mjomba Gunga, nina neno."

"Neno litangoja, twafunga lango."

"Halingoji, mjomba. Nimebandua rangi yako."

Gunga akaachia kamba. Alimfuata juu akibwata njia nzima: watoto wa siku hizi hawasikii, amepaka rangi ile kwa jasho lake, jua likimchoma utosini! Kasyoka alipiga magoti kwenye nguzo ya tatu, akabandua chingamu. Gunga akatoa bisibisi aichokoe ile sehemu. Bisibisi ikaingia mpaka kwenye mpini.

Gunga akaichomoa, ncha imejaa unga wa kahawia.

"Uliyaona haya tangu lini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Jumatano. Niliogopa."

Gunga alitoa ile brashi yake mfukoni. "Sikiza, mwanangu. Mimi naliambiwa nikwangue kutu kwanza, ndipo nipake. Nguzo nyingi nalikwangua. Nilipofika hizi nikachoka, nikasema rangi itaficha. Wewe umeficha kwa chingamu, mimi kwa brashi. Twende kwa nahodha."

Nahodha Fadhiya alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu, asiyehitaji kupandisha sauti ili asikilizwe. Aliwasikiliza wote wawili hadi mwisho. Kisha feri ilipotia nanga upande wa kisiwani, alichukua nyundo na kupanda nao juu.

"Tegeni masikio," alisema.

Aligonga nguzo ya kwanza. Ngii! Ikalia safi. Ya pili, ngii! Ya tatu ilitoa sauti nzito, fupi, kama mtungi wenye ufa. Kasyoka alisahau hofu yake, akainama kusikiliza, na kila nguzo ilipogongwa alitaja kama ni nzima au ni mbovu kabla nahodha hajasema. Nguzo mbovu zilikuwa tano. Papo hapo nahodha aliamuru roshani ifungwe kwa kamba na mtu yeyote asipande tena.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," aliwaambia. "Na hapa kifo kisingemuumbua mfichaji. Kingewachukua watoto wasiojua lolote. Gunga, ilikuwaje?"

"Uvivu, nahodha. Sina jina jingine la kuliita."

"Hilo nitaliandika katika ripoti yangu, na pia nitaandika kwamba umekuja mwenyewe." Akamgeukia Kasyoka. "Nawe umekosa mara mbili. Umebandua rangi uliyokatazwa, ukaficha hatari uliyoiona. Nalikubali kwamba atakayeharibu rangi hapandi."

Machozi yalimlengalenga Kasyoka. "Najua, nahodha. Ndiyo maana nimekuja leo, ili Hussaina asisimame pale."

Nahodha alishusha nyundo yake. "Kwa neno hilo, kesho utapanda. Adhabu yako ni hii: utakaposoma jibu lako, usome na namna ulivyolipata. Yote. Usiiache hata chingamu."

Kasyoka aliona afadhali angefukuzwa.

Jumamosi mchana Bi. Subira alijaa pomoni. Kwaya iliimba ikiwa chini, katikati ya mikokoteni, na Hussaina alijinyoosha apendavyo bila nguzo ya kuegemea. Kisha Mwalimu Tasleem akamwita msomaji.

Kasyoka alikunjua karatasi yake. Alisoma rangi zote nane, watu wakashangilia. Kisha akasoma jinsi alivyobandua, alivyoona kutu, na alivyoziba tundu. Alipofika kwenye chingamu, feri nzima iliangua kicheko. Aliendelea kusoma. "Nilisema nimeiokota. Nilisema uongo. Kama ningeendelea kunyamaza, leo rafiki yangu angekuwa ameegemea nguzo iliyooza."

Kicheko kikakatika. Kutoka nyuma ya lori mkono uliinuka. "Na brashi ilikuwa yangu!" Gunga alisema kwa sauti, uso ameuinamisha.

Watu wakapiga makofi. Kasyoka akamalizia: "Buluu sijampata anayeikumbuka."

"Mimi hapa!" bibi mmoja alipaza sauti. "Ndoo yangu ya samaki ilimwagika yote juu ya buluu hiyo, na nahodha wa wakati huo akanipa tambara nipanguse!"

Makofi yalipotulia, Mzee Abdeali alisogea akiwa na kitu mkononi. Kilikuwa kile kipande cha rangi, kimelazwa ndani ya kasha la saa kuukuu na kufunikwa kwa kioo. Hakumpa mara moja.

"Mwanangu, hii umeipata wapi?"

Alikuwa amesikia kila neno lililosomwa. Lakini Kasyoka alielewa kwa nini anaulizwa.

"Niliibandua, babu. Sikuiokota. Nilikudanganya dukani kwako. Nisamehe."

"Hapo sasa," mzee alisema, akamwekea kile kitu kiganjani. "Kuuliza kwako kusikome, maana bila udadisi wako nguzo zile zisingejulikana. Lakini nikupe siri ya kazi yangu. Saa iliyosimama haina hatari, kila mtu huiona imesimama. Saa ya kuogopa ni ile inayotembea huku ikisema uongo, kwa sababu watu huiamini. Ndivyo ilivyokuwa nguzo ile na weupe wake. Ukikosea, mwanangu, afadhali uonekane umesimama kuliko kupakwa rangi ukaaminiwa."

Bi. Subira alipiga honi ndefu, akagusa ng'ambo, na lango likashuka. Siku zote abiria wa Likoni hukimbilia lango hata kabla halijafika chini. Siku ile walibaki wamesimama kimya, wengine wameweka viganja vyao kwenye ubavu wa feri. Kasyoka naye aliweka chake, akagonga mara moja kwa kifundo cha kidole, akatega sikio.

Ngii, ikajibu.