Ulanzi Kwenye Shati la Efraimu

Kila siku baada ya masomo nilibeba kikapu cha viazi na maharage, nikampelekea baba machimboni. Machimbo hayo ya mawe yalikuwa nje ya Makambako, upande wa Kitandililo, na kokoto zake zilitengeneza barabara ya kwenda Njombe. Enzi hizo Waingereza ndio waliotutawala. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na ule ulikuwa mwezi wa Februari, mvua na ukungu kutwa nzima.

Baba yangu, Yoeli, alifanya kazi pamoja na rafiki yake Efraimu, mpiga tarumbeta wa kanisa letu la Kilutheri. Efraimu hakuwa mtu wa pombe. Harusini, wenzake walipopokezana ulanzi, yeye aliomba maji, nao walimtania mpaka wakachoka.

Sheria ya machimboni hata sisi watoto tuliijua: hesabu mashimo yaliyotiwa baruti, kisha hesabu milio. Hesabu isipolingana, hakuna mtu kusogea.

Siku ile mashimo yalikuwa sita. Nilijibanza na watu wote nyuma ya kifusi, mbali, nikahesabu kwa vidole. Milio mitano. Tukasikiliza tena, kimya. Mara nyapara wetu, Lameki, akapuliza filimbi.

"Kazini! Malori yanasubiri kokoto!"

"Bwana nyapara," Efraimu akasema, "nimehesabu mitano. Huenda utambi mmoja umelowa."

"Miwili imelia pamoja! Masikio yako yamezibwa na tarumbeta. Asiyetaka kazi aseme, wanaoitaka ni wengi."

Efraimu akaenda. Aliposukuma jiwe la kwanza kwa mtaimbo, mlio wa sita ukaja. Vumbi lilipotulia alikuwa chini, hapumui. Sitaeleza zaidi nilichokiona.

Lameki aliwatuma wanaume wote wakalete machela na shuka. Mimi nilibaki nyuma ya kifusi, hakuna aliyenikumbuka. Nikamwona anaingia kibandani mwake, anatoka na kibuyu cha ulanzi, anaumimina kwenye shati la marehemu. Kisha akampaka mdomoni kwa vidole vyake. Alifanya hivyo bila haraka, kama mtu anayemwagilia miche ya kabichi. Nikatapika palepale, na yeye akanisikia.

"Binti Yoeli, hujaona kitu," akasema. "Baba yako anaipenda kazi yake, sivyo?"

Jioni nilimweleza baba yote. Hakunitazama usoni.

"Nyamaza, mwanangu. Nitarudi kwenye mwamba uleule, chini ya mtu yuleyule."

"Na safari ijayo mlio mmoja ukikosekana, baba?"

Alivuta blanketi, akanigeuzia mgongo. Nilimpenda baba yangu, lakini jioni ile alinichukiza. Nilijichukia na mimi, maana nami nilinyamaza.

Kesho yake mkaguzi wa serikali alifika kutoka Iringa. Wafanyakazi walipangwa mstari. Telesia, mke wa Efraimu, alisimama pembeni, macho yamevimba, nami kando yake.

"Alikuwa amelewa, bwana," Lameki akasema. "Shati lake lile pale, linuseni. Waulizeni hawa."

Wanaume wazima ishirini wakatazama chini. Wengine walitikisa kichwa kukubali. Ilinitia kinyaa kuwatazama, watu waliokula meza moja na marehemu.

"Mume wangu? Ulanzi?" Telesia akauliza. Mkaguzi akaanza kuandika.

"Si kweli!" Nilishtuka kusikia ni sauti yangu. "Ulanzi kaumwaga yeye, nilimwona! Umetoka kibandani mwake. Na milio ilikuwa mitano, bwana, nilihesabu!"

Lameki akacheka. "Mtoto huyu ana ndoto."

Ndipo baba akatoka mstarini. "Ilikuwa mitano," akasema. "Efraimu alimwambia nyapara, sote tukisikia."

Mwingine akasema ndiyo, kisha mwingine. Mkaguzi akaenda kibandani, akarudi na kibuyu.

Lameki aliondoka siku hiyohiyo kati ya askari wawili. Tangu hapo watu wawili walihesabu milio kwa sauti. Ukikosekana mmoja, wote walikaa mbali mpaka fundi wa baruti alipokagua na kuwaruhusu. Hakufa mtu mwingine pale hadi machimbo yalipofungwa.

Tulipotoka kumzika Efraimu, baba alinishika bega.

"Dorika, umesema kweli, lakini mimi usinisifu. Nami nilihesabu mitano siku ile, kabla filimbi haijalia. Nilimwacha mwenzangu aseme peke yake. Tungesema sote ishirini, Lameki angetufanya nini? Ukiona hatari, mwanangu, iseme wakati mtu bado yuko hai."

Kisha akaenda kwa Telesia kumwambia maneno hayohayo, nami nikamfuata.